Barafu ni Chakula: Maelezo Kuhusu Ukoko wa Chokaa na Ukungu Katika Mashine za Barafu

(Maelezo haya yalisomwa mbele ya wauza vinywaji, mama lishe na walaji wa jiji la Tanga. Yanachapishwa hapa kama yalivyosomwa, pamoja na jibu la swali moja lililoulizwa mwishoni.)



Nimeombwa nizungumze juu ya usafi wa mashine za barafu, nami naona ni haki nianze na kosa letu wenyewe. Katika ofisi ninayofanyia kazi ipo mashine ya barafu iliyowekwa kando ya chumba cha chai. Tuliitumia kwa muda mrefu bila kuifikiria. Siku moja ya msimu wa joto, mwenzetu mmoja alilalamika kwamba maji yake yana harufu ya nguo iliyokaukia kivulini. Tulimcheka kidogo. Kisha nikachukua tochi, nikainua pazia la plastiki lililo mbele ya bamba la kugandishia. Nyuma yake palikuwa na madoa meusi yaliyotambaa toka pembe moja hadi nyingine, na chini, kwenye beseni la maji, palikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama ule unaokaa ndani ya birika la siku nyingi. Nasi ndio tunaowaandikia wengine barua za kuwakumbusha usafi. Chai ya siku ile ilinywewa kimya.

Jambo hili silitaji kwa mzaha. Hakuna miongoni mwetu ambaye angekubali kupakuliwa wali katika sahani ambayo haijaoshwa tangu mwaka jana, ilhali barafu tuliipokea kutoka katika chombo cha namna hiyo kila siku, tena kwa furaha. Sababu ni kwamba barafu hatuihesabu kuwa chakula. Tunaiona kuwa ni baridi tu iliyopewa umbo. Nchini Marekani, kanuni ya mfano ya usafi wa chakula inaitaja barafu waziwazi ndani ya maana ya neno chakula, na wala haikukosea: kinachoyeyuka ndani ya bilauri hunywewa chote, pamoja na kila kilichogandia ndani yake.

Ipo pia imani iliyoenea kwamba baridi huua vijidudu. Naomba tuiache leo. Baridi huvipunguza baadhi na kuvilaza vingine, lakini haivimalizi. Wataalamu wa maabara wanapotaka kutunza vijidudu hai kwa miaka, huviweka katika baridi kali kuliko ya jokofu lolote la nyumbani. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingine. Katika siku kama zile watu huchemsha maji ya kunywa kwa uangalifu mkubwa, kisha wakatia ndani yake barafu iliyotengenezwa kwa maji ambayo hayakuchemshwa. Uangalifu wote wa asubuhi huharibiwa na vipande viwili vya barafu mchana.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe, maana asiyejua barafu inavyozaliwa hatajua uchafu wake unatoka wapi.

Katika mashine nyingi za biashara, pampu hupandisha maji kutoka kwenye beseni na kuyatiririsha juu ya bamba la chuma lililopozwa sana. Maji yanapoganda polepole huku yakitiririka, hujitenga na vilivyoyeyuka ndani yake: maji matupu hushika kwenye bamba, nayo chokaa na chumvi nyingine hubaki katika maji yanayorudi beseni. Ndiyo maana barafu ya mashine hizi hung'aa kama kioo. Uzuri huo una gharama yake, kwa kuwa kila mzunguko maji ya beseni huzidi kuwa mazito kwa madini. Mashine nzuri huyamwaga na kuvuta mapya, lakini haiyamwagi yote wala haiondoi kilichokwisha kushika ukutani.

Nyinyi watu wa Tanga mna bahati katika kulielewa jambo hili, kwa kuwa mnayo Mapango ya Amboni. Aliyewahi kuingia mle ameona mawe yaliyoning'inia kutoka darini. Maji yaliyapitia mawe ya chokaa, yakabeba kidogo kilichoyeyuka, yakadondoka tone baada ya tone, na kila tone likaacha chembe yake. Katika pango kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka. Katika mashine ya barafu inayotumia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye miamba ya namna hiyo, miezi michache inatosha kuonyesha ukoko. Maji ya bomba hutofautiana na ya kisima, na kisima na kisima jirani, hivyo nisingependa mtu aniulize kwa jumla ni baada ya muda gani. Birika lako la chai litakujibu vizuri kuliko mimi: likishika ukoko upesi, mashine yako nayo inashika upesi.

Ukoko wa chokaa peke yake hauna sumu. Madhara yake ni ya namna nyingine. Bamba lililovishwa ukoko halipitishi baridi sawasawa, basi mashine huchukua muda mrefu zaidi, umeme huongezeka, na barafu hutoka nyembamba, au hung'ang'ania bamba isidondoke. Wengi hufikia hapo wakamwita fundi aongeze gesi, nao wanalipa gesi ambayo haikuwa imepungua. Hata hivyo, hasara kubwa kuliko hiyo haionekani kwa macho. Ukoko una vitundu na mikwaruzo, na ndani ya vitundu hivyo vijidudu hupata makazi ambayo dawa haiwafikii. Tutalirudia hili, maana ndilo linaloamua kipi kitangulie katika kusafisha.

Ukungu, au koga kama wengi tulivyozoea kusema, una asili tofauti. Wenyewe huja zaidi na hewa kuliko na maji. Mbegu zake ni ndogo mno, zinaelea kila mahali, na zinahitaji unyevu na chakula kidogo tu. Mashine ya barafu inazo sehemu ambazo zina unyevu daima lakini hazigandi: nyuma ya pazia la plastiki, chini ya kifuniko, kwenye mpira wa mlango, kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji machafu. Mahali hapo ndipo pa kupeleka tochi. Mashine iliyowekwa karibu na tanuri la mikate huota utando mapema zaidi, kwa sababu hamira na vumbi la unga huingia nao. Utando wenye utelezi, wakati mwingine wa rangi ya waridi, ni kazi ya bakteria na hamira zilizojijengea nyumba moja, na ukiupitishia kidole utaujua kabla hujauona.

Nitasema jambo ambalo huwashangaza wenye mashine za bei kubwa. Chujio la mkaa, ambalo huwekwa ili maji yasiwe na harufu ya klorini, huiondoa klorini ileile iliyokuwa ikizuia utando usiote. Barafu hupendeza ladha, ila mashine huchafuka mapema. Simkatazi mtu kuweka chujio. Namkumbusha tu kwamba akishaliweka asafishe mara nyingi zaidi, na kwamba chujio lililopitwa na wakati lenyewe huwa shamba la bakteria.

Je, ukungu huo unadhuru? Kwa mtu mwenye afya, chembe kidogo katika barafu mara nyingi hazitamfanya lolote. Mwenye pumu au mzio, mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, mtoto mchanga na mzee ni habari nyingine. Lakini kwa maoni yangu ukungu ni shahidi zaidi kuliko mshtakiwa. Unapouona, unakwambia kwamba sehemu hiyo haijaguswa kwa miezi, na kwamba vile visivyoonekana, vinavyotoka katika mikono iliyochota barafu baada ya kushika pesa au samaki, navyo havijaguswa.

Nije sasa kwenye kusafisha, na hapa nitamtaja shangazi yangu, ambaye ameniruhusu. Yeye huuza juisi ya miwa na ya ukwaju, na alinunua mashine ya barafu iliyokwisha kutumika, kutoka katika hoteli iliyokuwa ikifungwa. Aliiona ina ukoko na ina ukungu. Alikuwa amesikia kwamba siki huondoa ukoko, na alijua kwamba jiki huua ukungu. Akaona hakuna haja ya kufanya kazi mara mbili: akamimina siki ndani ya beseni, akaongeza jiki juu yake, akainamisha kichwa ndani aanze kusugua.

Siki na jiki zikikutana hutoa gesi ya klorini. Ni gesi inayochoma macho, koo na mapafu, na ikivutwa kwa wingi ndani ya chumba kilichofungwa yaweza kuua. Shangazi aliokolewa na mlango wa kibanda uliokuwa wazi. Nilipofika nilimkuta ameketi nje juu ya ndoo, macho mekundu, anakohoa asiweze kumaliza sentensi, na jirani anamshikia kikombe cha maji. Tulimpeleka hospitali, akakaa chini ya uangalizi hadi jioni. Alipopata sauti aliniambia, "Mwanangu, nilitaka kazi iishe mara moja." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu tulikuwa tumeandika vijikaratasi vingi juu ya usafi, na hakuna hata kimoja nilichopata kumpelekea.

Hivyo mtakaposahau mengine yote, shikeni hili: ukoko na ukungu ni kazi mbili, zenye dawa mbili zisizokutana kamwe. Ukoko ni chokaa, na chokaa huyeyushwa na kitu kichachu: siki, ndimu ya unga, au dawa maalumu za dukani zilizotengenezwa kwa asidi. Ukungu na bakteria huuawa na klorini. Kichachu chochote, hata maji ya ndimu, hakipaswi kugusana na jiki. Vivyo hivyo jiki isichanganywe na dawa za kusafishia vioo zenye amonia, maana nazo hutoa gesi ya hatari.

Ukoko ndio utangulie. Ukianza na klorini, itaua vya juu na kuviacha vilivyojificha ndani ya vitundu vya chokaa, na baada ya siku chache utando utarudi kana kwamba hukufanya kitu.

Kwanza soma kitabu cha maelekezo cha mashine yako, na kikisema tofauti na mimi, kifuate chenyewe. Zipo mashine ambazo bamba lake limepakwa nikeli, na asidi isiyofaa huimenya nikeli hiyo. Kwa mashine hizo tafuta dawa iliyoandikwa kwamba inafaa kwa nikeli. Zima mashine na uchomoe waya. Toa barafu yote iliyomo na uitupe. Najua inauma kuitupa, hasa siku ya joto, na nimeona watu wakiihifadhi kwenye ndoo ili wairudishe baadaye. Hiyo ni sawa na kuosha sufuria kisha kurudisha mchuzi uliochacha.

Fungua sehemu zinazofunguka, yaani pazia, beseni, mirija, kichoteo, uzioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa brashi laini. Usitumie sufuria ya chuma wala steelwool. Mikwaruzo ndiyo makazi ya utando wa kesho. Vaa glavu, fungua madirisha. Kisha tengeneza maji machachu: vijiko viwili vya chakula vya ndimu ya unga katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, au siki nyeupe na maji nusu kwa nusu. Zilizofunguka uzizamishe humo. Ukoko utaanza kutoa mapovu madogo. Hizo ni chokaa zinazoyeyuka, na mapovu yakikoma ilhali ukoko ungalipo, mwaga, uweke mapya. Mashine za biashara nyingi zina kitufe cha kusafishia, ambacho huzungusha maji bila kugandisha. Ikiwa yako inacho, rudishia sehemu zake, washa katika hali hiyo na umimine dawa kwenye beseni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukoko mzee huenda ukahitaji mzunguko wa pili. Usiubandue kwa kisu.

Baada ya hapo suuza. Neno hili ni dogo, lakini ndilo lililokosekana katika kibanda cha shangazi. Suuza kwa maji safi mengi, mara tatu, mpaka hakuna harufu ya uchachu katika beseni wala katika mirija. Mimi hupendelea kumwaga dawa ya kwanza, kufunga chupa yake na kuipeleka chumba kingine kabla ya kuleta jiki, ili mkono usikosee.

Jiki za hapa kwetu hazilingani nguvu, kwa hiyo tazama chupa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula katika lita 5 za maji vinatosha. Ikiwa kali zaidi, punguza. Kuzidisha hakuongezi usafi, kunaongeza kutu na harufu. Tumia jiki isiyotiwa manukato. Pangusa au nyunyizia kila sehemu inayogusa maji au barafu, pamoja na sanduku la kuhifadhia, upande wa ndani wa mlango, mpira wake, na kichoteo. Iache dakika 10, kisha suuza kwa maji salama; usiilaze usiku kucha, kwani klorini hula hata chuma kisichoshika kutu. Rudishia kila kitu, washa, na barafu ya mizunguko miwili ya kwanza uitupe.

Je, mara ngapi? Watengenezaji wengi hutaja kila miezi 6 kwa uchache. Kwa mji wa joto, wenye maji ya kisima, na kwa mashine inayofunguliwa mara mia kwa siku, mimi ningeona miezi 6 ni mingi mno. Miezi 3 yafaa zaidi, na sanduku la barafu lioshwe kila wiki au mbili. Ukungu ukirudi kabla ya hapo, usiongeze jiki. Tafuta sababu. Huenda mlango haufungi vizuri, huenda mashine imepakana na tanuri, au bomba la maji machafu limeziba. Bomba hilo lisizamishwe ndani ya shimo la maji taka: liachiwe mwanya wa hewa kati ya mdomo wake na shimo, ili maji taka yakipanda yasirudi ndani ya barafu. Huo mwanya nimeukosa katika sehemu nyingi nilizokagua, nyingine za fahari kabisa.

Wenye mashine ndogo za mezani kazi yao ni nyepesi. Nyingi ya mashine hizo huzungusha maji yaleyale, basi wasiyalaze humo usiku kucha. Wayamwage, waache kifuniko wazi ikauke. Trei za jokofu zioshwe kama sahani. Barafu iliyokaa miezi huchukua harufu ya samaki na vitunguu vilivyomo, na hiyo haina dawa ila kutupwa.

Kwa mlaji, macho na pua vinatosha kwa mengi. Barafu iwe haina harufu wala chembe. Weupe wa katikati si kosa, mara nyingi ni hewa tu. Tazama inavyochotwa: kwa kichoteo chenye mkono, au kwa bilauri, au kwa kiganja kilichotoka kupokea noti. Tazama kichoteo kinalala wapi. Na barafu ya matofali inayouzwa kwenye madiko ya kupozea samaki isitiwe kinywani hata ikioshwa, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya kunywewa.

Mwishoni mama mmoja muuza juisi aliuliza: "Mteja akinitaka nimfungulie mashine aone ndani, nimfungulie? Si ataniona sina heshima naye nikikataa, na nikikubali ataona kila doa?"

Nilimjibu kwamba amfungulie, ila si lazima asubiri kuombwa. Shangazi, alipopona, alibandika karatasi ubavuni mwa mashine yake, yenye tarehe ya kusafisha ukoko, tarehe ya kutia klorini, na jina la aliyefanya kazi hiyo. Mwanzoni wateja walidhani ni bei ya barafu. Sasa wapo wanaoisoma kabla ya kuagiza, na juzi mmoja alimwambia kwamba tarehe ya mwisho imepita miezi 3 na siku 4. Alifunga kibanda mchana ule, akaenda kutafuta ndimu ya unga.